Bi Rula na Jimbo Lisilofikisha Miaka Mitano

Mara ya kwanza nilipofanya biashara na Bi Rula nilidhani nimepata mteja wa kuokota. Ofisi ya uchaguzi ilikuwa inatafuta jengo la kupanga kwa ajili ya jimbo jipya, nami nilikuwa na ghala lililokaa miezi saba bila mpangaji, limejaa harufu ya ngozi mbichi mpaka kwenye bati. Niliambiwa atatumwa karani kulikagua. Kwa uzoefu wangu karani wa serikali hakagui. Anachungulia, anasaini, anakunywa soda anaondoka. Nikaweka soda mbili kwenye ndoo ya maji baridi.

Akaja mwanamke wa miaka hamsini hivi, mwembamba, viatu vya kamba, mkoba wa turubai begani. Soda aliikataa. Alitoa mkobani rula ya mbao ya futi moja akaanza kupima ukuta. Ghala lenye hatua ishirini na mbili kwa kumi na mbili alilipima kwa rula ya futi moja, akiweka alama ya chaki kila inapoishia, anainuka, anainama tena.

"Dada, nina futi kamba dukani kwangu, hapo ng'ambo ya barabara," nikamwambia. "Tumalize mapema."

"Futi kamba inapinda," akasema, wala hakugeuka.

Nikataja kodi. Nilikuwa nimeipandisha ili nipate pa kushukia, kama kawaida. Hakushtuka, hakucheka, hakufanya hata ile sauti ya kunyonya meno ambayo wanunuzi wote huifanya. Aliiandika.

"Bei ni yako na wakubwa," akasema. "Mimi sina la kupunguza wala la kuongeza. Mimi nataka dirisha."

"Dirisha lipi?"

"La ukuta huu unaotazama mashariki. Nitakuwa nasoma majina madogo kutwa nzima. Taa inanichanganya herufi."

"Dada yangu, ghala halina dirisha, ndiyo maana likaitwa ghala."

"Basi mtafute mtu anayetaka ghala."

Nikampa taa mbili. Nikampa rangi nyeupe ukuta mzima. Nikampa feni. Kila nililompa aliliandika, halafu akaendelea kupima. Mwishowe nilitoboa ukuta, nikaweka dirisha la vioo sita na nondo zake, na rafu za mbao kuanzia pembe hadi pembe, kwa gharama yangu. Nilikuja kujua baadaye kwamba mtaa mzima haukuwa na jengo lingine lenye mlango wa chuma unaofungika, na masharti yao yalitaka mlango wa chuma. Hakuwa na pa kwenda. Alikuja mikono mitupu akaondoka na dirisha. Katika maisha yangu ya kuuza na kununua nimeshindwa vibaya mara tatu, na hiyo ni moja.

Jina la Bi Rula alipewa na kinyozi, ambaye kibanda chake kinatazamana na ghala langu. Kinyozi anampa kila mtu jina, hata mimi ninalo, silisemi. Lakini la huyu lilimkaa. Hakuandika mstari bila rula. Hata barua ya kuomba ufagio aliipigia mstari chini ya kichwa cha habari.

Alikuwa mjane, hakujaliwa mtoto. Miaka ishirini na sita alikuwa karani wa kibarua: masjala ya hospitali, mahakama, ofisi ya ardhi, ofisi ya mitihani. Popote palipokuwa na rundo la makaratasi lililowashinda wenye vyeo, aliitwa, akalipanga, akaambiwa ahsante. Hakuwahi kukaa kwenye meza yake mwenyewe. Alikalia meza ya mtu aliye likizo, au ya mtu aliye masomoni, na akirudi mwenyewe anahama na rula yake.

Jimbo lilipoundwa ndipo akapata barua. Karani wa daftari la wapiga kura, cheo kizima, kwa masharti ya muda. Sharti lilikuwa moja: akikaa miaka mitano mfululizo katika nafasi hiyo hiyo, atathibitishwa kazini na kuingizwa kwenye pensheni. Na mtu akishapita miaka hamsini na mitano hajathibitishwa, basi tena, mlango umefungwa. Yeye alianza akiwa amebakiza mwezi mmoja atimize miaka hamsini. Alinionyesha barua siku ya pili ya upangaji, kwa sababu mwenye nyumba lazima ajue mpangaji atakaa muda gani.

"Kwa hiyo una nafasi moja tu," nikamwambia.

"Ninayo moja," akasema, akaikunja barua kwa kufuata mikunjo ile ile.

Sasa nieleze hilo jimbo lenyewe, maana siku hizi vijana wa hapa hawajui kama liliwahi kuwepo.

Zamani reli ndiyo iliyokuwa mpaka. Upande wa juu wa reli ulikuwa jimbo moja, upande wa chini jimbo jingine. Kiwanda cha ngozi, ambacho ndicho kilichotufanya tuwe mtaa, kilikuwa kimepakata reli: lango upande wa juu, vyoo vya wafanyakazi upande wa chini. Lango lilikuwa na mbunge wake na vyoo mbunge wake. Vyoo vilipoziba, mbunge wa juu alisema si eneo lake, na wa chini alisema hao si wapiga kura wake, wanakuja kwake kujisaidia tu. Watu wakalalamika miaka na miaka. Mwisho tume ya mipaka ikakata kipande huku na kipande kule, ikaviunganisha, likawa jimbo. Wapiga kura elfu arobaini na moja, mia tatu na kumi na sita. Sheria ilitaka wasipungue elfu arobaini.

Siku ya tangazo watu walishangilia. Kesho yake walikwenda kazini.

Lilikuwa na jina rasmi, lakini sisi tuliliita Jimbo Jipya, na lilikufa bado tunaliita hivyo. Mbunge alichaguliwa, mwenye malori, akapewa chumba kimoja katika ghala langu, upande usio na dirisha. Alikitumia mara sita kwa hesabu ya kinyozi, mara nne kwa hesabu yangu. Mwaka wa tatu kiwanda kilifungwa. Waliokuwa wamepanga wakahama, wenye nyumba zao wakabaki kuzitazama. Vyoo havikuzibuliwa, lakini na watumiaji walikuwa wamekwisha.

Bi Rula alikuwa anafungua mlango saa mbili kamili. Anapangusa meza, meza yake, yenye droo inayofungwa kwa ufunguo. Anafungua daftari, majuzuu kumi na manne kwenye rafu zangu. Jua linaingia kwa lile dirisha mpaka saa tano. Nilikuwa napita kukagua jengo, maana jengo usipolikagua linakukimbia, na kila nikipita yuko hapo, rula mkono wa kushoto, kalamu wa kulia. Sikuwahi kumwona anafurahi wala anasikitika. Nilimwona anafanya kazi. Kwangu mpangaji wa namna hiyo ni dhahabu.

Mwaka wa tano ukaja waraka.

Waraka ulitoka makao makuu kwenda majimbo yote. Ulisema, kwa maandalizi ya uchaguzi ujao, kila karani asafishe daftari lake: afute waliokufa, aondoe waliohama, aingize vijana wapya, apeleke jumla kabla ya mwisho wa mwezi wa sita. Sasa mtu yeyote aliyewahi kuishi chini ya serikali anajua kuna waraka wa kutekelezwa na kuna waraka wa kuwekwa kwenye faili. Huu ulikuwa wa faili. Karani wa jimbo la juu aliandika "hakuna mabadiliko" akarudi kwenye chai yake. Karani wa jimbo la chini aliandika maneno hayo hayo, akasahau hata kugonga mhuri.

Bi Rula alinunua kalamu nyekundu nne.

Alitunga utaratibu wake. Kila jina la kufutwa lilipata fomu, na kila fomu ilitaka sahihi mbili, moja ya ndugu na moja ya jirani. Asubuhi alikaa dirishani, mchana alitembea nyumba kwa nyumba. Nyumba ambazo hazikuwa na mtu aliziandikia "hapana mtu" akarudi tena mara ya pili, na ya tatu, kisha akachukua sahihi za majirani wawili. Mwavuli mmoja, viatu vile vile vya kamba. Watu walimwona anakuja wakajua kuna marehemu anatafutwa.

Kuna siku nilikuwa pale ofisini nikiangalia bawaba ya mlango, akaingia fundi baiskeli, kofia mkononi, jasho linamtoka.

"Wewe ndiye uliyeniua?" akasema.

"Jina lako kamili," akasema Bi Rula.

Akalitaja. Bi Rula akafungua juzuu la tisa, akashusha rula mstari kwa mstari. "Marehemu. Tangu tarehe tatu. Sahihi ya ndugu: mke wako. Sahihi ya jirani hii hapa."

"Mke wangu mimi?"

"Hii si sahihi yake?"

Fundi akaitazama kwa muda mrefu. Kinyozi, aliyekuwa ameshafika mlangoni na wembe wake, maana hapitwi na jambo, akasema, "Ulimfanyia nini shemeji yetu, bwana? Mtu hauawi hivihivi."

"Tuligombana tu! Nilikwenda kwa kaka yangu wiki mbili!"

"Wiki mbili bila habari, mwanamke kaona asipoteze muda," akasema kinyozi. "Arobaini yako tumekula lini, mbona hukutualika?"

"Mama," fundi akamgeukia Bi Rula, "si unaniona? Nirudishe basi."

"Lete mashahidi wawili kwamba u hai. Ndugu mmoja, jirani mmoja."

"Mimi mwenyewe si shahidi?"

"Wewe ni mhusika."

Alirudi kesho yake na kinyozi na mama mkwe wake, ambaye alisaini huku akisema anasaini shingo upande. Bi Rula akamwandika upya chini ya ukurasa, kwa wino mweusi. Hakucheka. Nilimwangalia makusudi.

Mimi nacheka kwa kuchelewa, lakini hesabu sichelewi. Jioni hiyo hiyo nilikaa dukani nikaanza kupiga. Elfu arobaini na moja na mia tatu na kitu, ukitoa wanaofutwa, ukijumlisha vijana. Kila Ijumaa nilikuwa namuuliza jumla, naye alikuwa ananijibu, maana halikuwa siri. Kufikia mwezi wa tano ilikuwa inaelekea elfu arobaini kama lori linaloshuka mlima. Na tume ya mipaka ilikuwa inakaa mwezi wa saba.

Kitu kilichokuwa mbele yetu kilikuwa wazi. Jumla ikishuka chini ya elfu arobaini, jimbo linafutwa. Jimbo likifutwa, nafasi yake inafutwa, naye atakuwa amebakiza miezi minne tu atimize miaka mitano. Mimi napoteza mpangaji. Wote wawili tulikuwa tunakaa kwenye tawi moja, na msumeno ulikuwa mkononi mwake.

Sikuhitaji kumfuata. Alikuja mwenyewe dukani, mchana, na fomu.

"Bwana mwenye nyumba, nina jina moja lako."

Lilikuwa la mama yangu. Mama alifariki miaka sita kabla, lakini daftari la zamani lilimhamishia Jimbo Jipya kama yuko hai. Sahihi ya jirani ilikuwa tayari, ya kinyozi, na mkia wake mrefu kama wa panya. Nafasi ya ndugu ilikuwa tupu. Sina ndugu mwingine.

Nikamvutia kiti. Hakukaa.

"Bi Karani," nikasema, "tuongee biashara. Mimi nikusainie, na wewe unipe kitu kimoja."

"Kitu gani?"

"Miezi michache tu. Funga hilo daftari. Andika 'hakuna mabadiliko' kama wenzako. Ukishathibitishwa, lifungue, ufute mpaka mawe ya kaburini. Daftari halina miguu, litakusubiri."

"Waraka una tarehe."

"Wenzako hawakuiona tarehe?"

"Kwao labda hawafi."

"Unajua ukipeleka jumla hiyo unafuta nini?"

"Hesabu naijua."

"Basi unajifuta mwenyewe."

Hapo alikaa. Aliweka mkoba magotini, akaniambia jambo ambalo sikumuuliza, kwa sauti ile ile anayosomea namba za faili. Mumewe alikuwa mpiga chapa. Alikufa kwa kifua. Miaka miwili baada ya mazishi kulikuwa na uchaguzi, naye Bi Rula aliitwa kibarua cha kupanga daftari lililotumika. Akalifungua, akafika kwenye jina la mumewe, akakuta limewekewa alama ya tiki. Amekuja kituoni, amepewa karatasi, amepiga kura.

"Alimpigia nani?" nikauliza. Lilinitoka tu.

"Kura ni siri," akasema.

Akaendelea. "Nilipopewa daftari la jimbo hili, yumo tena. Wa kwanza kumfuta ni yeye. Sahihi ya ndugu niliweka mimi. Nimeshaanza mistari, bwana mwenye nyumba. Siwezi kuacha katikati nikasema waliobaki wako hai."

Nimeshapatana na watu wa kila aina. Mwenye tamaa unampatia, mwenye woga unamtisha, mwenye kiburi unamsifia. Huyu hakuwa ananipa pa kushika.

"Basi," nikasema, "mama yangu hajafa. Sisaini."

Hakubishana. Alifungua juzuu, akaweka alama ya penseli pembeni ya jina. Nyekundu ilikuwa ya waliofutwa, penseli ya wanaosubiri. Akafunga, akaniaga vizuri, akaondoka na mwavuli wake.

Nilibaki na njia moja. Nilikwenda kwa Mheshimiwa, kwenye yadi ya malori yake, nikamkuta amesimama juu ya injini na fundi wake. Nikamweleza. Nikamwambia jimbo lake linafutwa jina kwa jina, na mtu anayelifuta ni mwajiriwa mwaminifu, anaweza kuzuiwa kwa simu moja. Nikaweka na sukari kidogo: nikasema nimelitunza jengo lake la ofisi kama nyumba yangu.

Akajipangusa mikono kwa kitambaa. "Ndugu yangu, mimi nimeshaahidiwa jimbo la juu. Huku nimemaliza."

"Na karani?"

"Karani gani?"

Nikamwambia haidhuru. Nikauliza bei ya matairi makuukuu, ili safari isiwe ya bure, nikanunua manne.

Mwisho wa mwezi wa sita Bi Rula alipeleka jumla. Waliofutwa kwa kufa na kuhama, ukitoa vijana walioingia, walikuwa elfu moja na mia nne arobaini na wanne. Jumla iliyobaki: elfu thelathini na tisa, mia nane sabini na wawili. Walipungua mia moja ishirini na wanane. Watu mia na ishirini na wanane ni foleni ya kisima. Wangeweza kupatikana asubuhi moja kwa kuacha tu kurasa tatu bila kuzitazama. Penseli zote zilikuwa zimekwisha kugeuka nyekundu, isipokuwa moja.

Tangazo tulilisikia kwenye redio ya kinyozi, mteja mmoja nusu kichwa kimenyolewa. Jimbo limeshindwa kufikia kiwango. Limefutwa. Eneo lake linarudi kwa majimbo mawili ya awali, reli ikiwa mpaka.

"Mali bila daftari hupotea bila habari," akasema kinyozi. "Sisi tumepotezwa na daftari lenye habari zote." Akarudi kwenye kichwa cha mteja.

Hakuna aliyeandamana. Kuna mzee alikuja kuuliza kama vyoo sasa vitarudi kwa mbunge wa chini. Akaambiwa ndiyo. Akasema sawa.

Siku ya kufunga ofisi lilikuja lori la makao makuu. Walipakia viti, kabati, meza. Meza yake ilitoka na droo imefungwa, mpagazi mmoja akaitikisa asikie kama ina kitu. Haikuwa na kitu, na ufunguo alikuwa ameshauandikia kibandiko na kuukabidhi. Majuzuu kumi na manne yaliwekwa kwenye makasha, nusu ya jimbo la juu, nusu ya jimbo la chini. Barua yake ilikuwa mistari mitatu. Ilimshukuru kwa utumishi wa miaka minne na miezi minane. Alikuwa amebakiza miezi minne kutimiza miaka mitano, na miezi mitano kupita umri.

Kabla kasha la mwisho halijafungwa alivuka barabara akaja dukani kwangu, juzuu la sita kwapani, fomu mkononi.

"Bado sahihi ya ndugu," akasema.

"Sasa itasaidia nini? Jimbo halipo."

"Nafasi iko wazi."

Wapagazi walikuwa wanapiga honi. Nikachukua kalamu, nikasaini. Akalaza juzuu juu ya kaunta yangu, katikati ya makufuli na misumari, akaweka rula chini ya jina la mama, akavuta mstari mwekundu, mmoja, akapuliza wino ukauke. Kisha akaandika pembeni jumla mpya, ingawa hakuna mtu aliyeihitaji.

"Elfu thelathini na tisa, mia nane sabini na mmoja," akasema.

Aliponikabidhi funguo za jengo aliniuliza, "Dirisha utalifanyaje?"

"Inategemea mpangaji."

Akatikisa kichwa kwamba ni sawa.

Mpangaji alipatikana wiki ya sita, mwenye duka la rangi za nyumba. Zile rafu alizipenda sana, nikampandishia kodi kwa ajili ya rafu hizo. Dirisha alilijenga kwa matofali, kwa fedha yake, akisema jua linaharibu rangi. Ukitazama vizuri ukutani unaona mraba wa simenti mpya. Bi Rula yuko kwenye baraza ya duka la vitabu na kalamu, karibu na ofisi ya ardhi. Ana kimeza cha kukunja. Anawajazia watu fomu. Wanapanga foleni, maana fomu aliyoijaza yeye hairudishwi.

Uchaguzi ulipofika walibandika orodha ukutani kwenye shule iliyo upande wa juu wa reli. Nilikwenda kutafuta jina langu. Nikalikuta, na juu yake, kwa alfabeti ya ukoo, nikakuta la mama yangu. Lilikuwa safi, bila mstari. Nikadhani macho. Nikafuata kidole ukurasa mzima. Walikuwepo wote. Waliohama na kiwanda walikuwepo. Yule fundi baiskeli alikuwepo kama hakuwahi kufa.

Nina mtu ninayemuuzia vitasa ndani ya ofisi ya jimbo la juu. Akaniambia makasha ya Bi Rula yalikuwa makubwa, hayakuingia kabatini, yakawekwa chini ya ngazi. Wao walikuwa bado na nakala ya daftari la zamani kutoka makao makuu, imeshachapwa, iko tayari. Wakatumia hiyo. Jimbo la chini wakafanya vivyo hivyo. Yaani jimbo lilifutwa kwa hesabu mpya, na watu wake wakagawanywa kwa hesabu ya zamani, ile ya elfu arobaini na moja na mia tatu na kumi na sita. Kwa hesabu hiyo tulikuwa tunatosha.

Habari kama hiyo ni bidhaa, na bidhaa hugawi bure. Lakini nilipita barazani kwake siku hiyo hiyo. Alikuwa anamjazia mama mmoja fomu ya kiwanja. Nikainama pembeni yake nikamweleza, mwanzo hadi mwisho.

Alisikiliza kalamu ikiwa juu ya karatasi.

"Mama yako yuko ukurasa wa ngapi?" akauliza.

"Mia mbili na sita. Mstari wa kumi na moja."

"Ni pale pale." Akafikiri kidogo. "Na mume wangu?"

Nilikuwa nimemtafuta. "Yumo."

Akateremsha rula mstari mmoja chini kwenye fomu.

"Nikupeleke ukaone?" nikamwambia. "Gari ninalo. Unaweza kulalamika, wewe ndiye uliyelisafisha."

"Lile si daftari langu," akasema. "Mama, jina la baba mzazi?" Alikuwa anamuuliza mteja.

Ndivyo tulivyoachana. Mimi nilitoa dirisha moja na rafu, nikapata kodi ya miaka minne na miezi minane, halafu mpangaji anayelipa zaidi ya serikali. Yeye alitoa kazi aliyoingojea miaka ishirini na sita, akapata majuzuu kumi na manne yasiyo na uongo, yako chini ya ngazi. Rula alibaki nayo, ilikuwa yake tangu mwanzo. Siku ya kura nilisimama foleni nikapiga yangu. Karani wa kituo alikuwa na orodha mezani, kurasa wazi, nami nilikuwa na nafasi ya kuchungulia mstari wa kumi na moja, wa mama, kama umewekewa tiki. Sikuchungulia.